Mkono wa Kosgei Unaoshona Mawazoni

Saa moja asubuhi, ghala la nafaka mjini Rongai limeshafunguliwa. Kosgei ameketi kwenye kibao mbele ya gunia la mahindi, macho ameyafumba. Wapagazi wanampita. Hashoni. Anawaza kwamba anashona.

"Nadunga, navuta uzi, nakaza," ananong'ona.

Anafumbua macho na kuutazama mkono wake wa kulia. Umelala juu ya goti, pale pale alipouweka.

Kwa miaka ishirini na miwili, Kosgei, 51, amefunga midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano nene ya magunia. Msimu wa mavuno alishona mia mbili kwa siku. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha shambani kwake, mkono wa kulia ukapooza. Leo, kwa mkono wa kushoto, akifikisha arobaini anashukuru.

Zoezi la kuwaza alipewa na Wamuyu, mtaalamu wa tiba ya viungo anayemwona kila Jumanne mjini Nakuru. Alimweleza kwamba ubongo hupanga mwendo kabla mkono haujainuka, na kwamba mtu akiwaza anashona, sehemu nyingi za ubongo zinazoamka ni zile zile za kushona kwenyewe.

"Nilidhani ananituliza tu," asema Kosgei. "Lakini nikiwaza magunia kumi, bega linachoka. Sasa kama sijashona, nimechoshwa na nini?"

Wiki tatu zilizopita mambo yalizidi kumchanganya. Mkewe, Chepngeno, alikuwa akimmiminia chai, kikombe kikateleza ukingoni mwa meza. Mkono wa kulia wa Kosgei ukakidaka.

"Nikamwambia, Baba Fancy, hebu rudia," anasimulia Chepngeno. "Akajaribu mpaka jasho likamtoka. Hata kidole hakikucheza."

Kosgei alimuuliza Wamuyu ni nani aliyeutuma mkono ule. Akajibiwa kuwa amri ya mkono unaoshtuka haipiti ubongoni njia ile ile ya mkono unaotumwa. Zaidi ya hapo, Wamuyu hakumwahidi kitu.

"Sikuelewa vizuri, na bado sielewi," asema. "Mkono ni wangu, nikiuita hausikii. Halafu siku moja unakuja bila kuitwa."

Mavuno yakianza Novemba, Kosgei ana gunia moja analotaka kulishona kwa mkono wa kulia, hata likimchukua asubuhi nzima.

"Mkono ukinishangaza tena, sawa," asema. "Ila safari hii nataka uje kwa sababu nimeutuma."