Taa za Basi Zilizong'aa Mno

Shangazi ni fundi umeme wa magari. Watu humwita Mama Waya. Gereji yake ni banda la mabati, meza moja na ukuta mweupe. Gari likija na shida ya taa za nyuma, analirudisha kinyumenyume mpaka karibu na ukuta, halafu taa zenyewe hazitazami. Anatazama wekundu ulioangukia ukutani. Anasema taa kali inadanganya macho.

Ijumaa asubuhi alikuja dereva wa basi la shule, amenuna. Juzi yake, mvua ikinyesha, pikapu ililigonga basi lake kwa nyuma, mtoto mmoja akapasuka mdomo. Mwenye pikapu aliapa kwamba basi halikuonyesha breki. Mwalimu mkuu akamzuia dereva kubeba watoto, akasema saa nane mchana ataamua kama anabaki au anaondoka.

"Dada, taa ulinifungia wewe mwenyewe mwezi jana," alisema. "Zinawaka mpaka watu wananiuliza kama nimeweka jiko huko nyuma. Yule ni mwongo!"

"Rudisha gari, kaka. Maneno baadaye."

Akawasha taa ndogo. Ukuta ukawa mwekundu sana.

"Kanyaga breki."

"Nimekanyaga."

"Kanyaga, nimesema!"

"Mguu umefika sakafuni, unataka nitoboe?"

Ukuta haukubadilika. Shangazi akafungua taa na kuchomoa balbu zote mbili.

Balbu za namna ile zina nyuzi mbili ndani. Mwembamba huwaka kidogo muda wote, mnene huwaka kwa nguvu mguu ukigusa breki. Tofauti hiyo ndiyo inayomwonya aliye nyuma. Ubavuni kuna vinundu viwili, kimoja kiko juu ya mwenzake, ili balbu isiingie kinyume. Hivi vilikuwa vimekwanguliwa kwa tupa.

"Mshenzi gani amefanya hivi?" dereva aliuliza.

"Mimi."

Shangazi hakuzungusha maneno, alieleza yote. Balbu ya kwanza iligoma kuingia, akadhani pakiti nzima ni mbovu, akakwangua zote. Kumbe alikuwa ameishika kinyume. Basi likawa linatembea na uzi mnene ukiwaka, na breki inaongeza ule mwembamba tu, kama kibiriti juani.

"Kwa hiyo yule wa pikapu..."

"Kasema kweli. Na wewe umesema kweli."

Dereva alitazama barabarani, akashusha sauti. "Basi funga mpya, tunyamaze. Wakipima zinawaka, nani atajua?"

"Halafu yule mtu abaki mwongo? Mficha uchi hazai, kaka. Twende shuleni."

Alifunga mpya, akaosha mikono. Saa nane aliziweka balbu mbovu juu ya meza ya mwalimu mkuu, akaeleza kama alivyoeleza gereji. Mwalimu mkuu alipitisha kidole kwenye vinundu.

"Dereva Jumatatu aendelee na kazi," alisema. "Ila wewe, mama, magari yetu hutayagusa tena."

"Sawa, mwalimu."

Nje dereva alitaka kumshukuru. Lakini Shangazi alishatoa simu. Pakiti ile ilikuwa na balbu kumi, na nane bado zilikuwa barabarani kwenye magari ya watu. Mwenye gari wa kwanza aliyempigia hakupokea. Wa pili alimtukana. Shangazi alimsikiliza mpaka akachoka, kisha akamwambia, "Umemaliza? Haya, lete gari leo hii."