Posa Iliyoishia Kilimani

Yule bwana aliyeleta posa kwetu Nambilanje alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Nachingwea mjini, na kwa mama yangu hilo lilitosha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na majirani walishaanza kunionea huruma. Mama akasema nimpeleke kwa shangazi, anayekaa upande wa pili wa kilima, naye amwone.

Yule bwana alitaka bodaboda. Nikamwambia njia ya pikipiki inazunguka mno, kwa miguu ni mwendo wa saa moja tu.

"Kilima hiki?" alicheka. "Mimi nimepanda milima ya kweli."

Hakusema mlima gani. Alikuja na viatu vyeupe na miwani ya jua, na jua lenyewe hatukuwa tumeliona tangu juzi kwa ukungu. Tulipomaliza shamba la ufuta na kuanza kupanda, alikaa juu ya jiwe, anahema, akidai anatafuta mtandao.

Mimi naipenda njia ile kwa viumbe vyake vidogo. Nilimwonyesha vijia vya sange, mnyama mwenye pua ndefu anayefagia majani makavu apate pa kukimbilia. Kwa bahati sange mwenyewe akapita, pua ikichezacheza.

"Panya," alisema.

"Si panya huyo, kaka."

"Dada, panya ni panya. Mimi nimeona tembo."

Akanisimulia huyo tembo mpaka karibu na kilele, utadhani alimlea yeye.

Huko juu, ukungu ulipokuwa mzito zaidi, kinyonga alikuwa anavuka njia. Mdogo, urefu wa kidole, ana matone ya ukungu mgongoni. Anainua mguu, anasita, anauweka. Nilisimama kumpisha. Yule bwana hakumwona mpaka kinyonga alipokaribia kiatu chake cheupe. Basi huyo mwenye tembo wake akapiga yowe, akarukia mgongoni kwangu, akaning'ang'ania mabega.

Kumwogopa tu nisingemlaumu. Kwetu wengi wanamwogopa kinyonga, hata mama. Lakini nilicheka, naye akaokota fimbo.

"Mwache, anapita tu," nilisema.

"Nakulinda wewe."

Alimpiga mara tatu. Ya kwanza ilitosha. Kisha akafuta viatu kwa majani, akatoa simu, akajipiga picha, kifua mbele.

Niligeuka kurudi nyumbani. Nyuma yangu nilimsikia akiita kwenye ukungu, "Dada! Dada!" Nikapunguza mwendo kidogo, kwa kuwa angepotea ningetumwa mimi kumtafuta.

"Unakataa mtu na duka lake kwa ajili ya kinyonga?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Alininunia wiki nzima. Yule bwana alioa mwaka uleule, na nasikia ameongeza duka la pili. Mwache aongeze. Mimi ninachojutia ni kile kicheko changu. Nisingecheka, labda kinyonga angemaliza kuvuka.