Nambari Isiyorithiwa

Ipindue sanamu yoyote ya ushirika wa wachonga mawe wa Tabaka, Kisii, kabla haijaviringishwa majani makavu ya mgomba na kutiwa sandukuni, utaona alama ndogo iliyochanjwa kitakoni. Kuna wanaochanja mistari miwili, kuna anayechanja jicho la samaki. Alama ya Makori ni mwezi mchanga. Makori alihamia Narok kulima ngano na hachongi tena, lakini viboko wake wachache wa mawe bado wako rafuni, kwa hiyo hakuna mchongaji mwingine anayeruhusiwa kuchanja mwezi. Maadamu kazi ya mtu ipo, alama yake haipewi mwingine.

Sheila Nyanchera aliujua utaratibu huo, maana ndiye aliyepiga picha za vitako hivyo.

Nyanchera ni mzaliwa wa Kebirigo, binti wa wakulima wa chai, mwenye diploma ya teknolojia ya habari. Hufanya kazi katika duka la kompyuta mjini Kisii, ghorofani, juu ya wauza ndizi, pamoja na Dancun, fundi wa mitandao ambaye wazazi wake walitoka Homa Bay. Ushirika ulitaka seva ya kuhifadhi picha za sanamu, ili mnunuzi wa mbali aone kilichopo na aliyekichonga. Nyanchera akapata programu ya bure iitwayo Ghala, iliyofaa kabisa. Angeweza kuiweka siku hiyo hiyo. Katibu wa ushirika, Ombui, alikataa.

"Kijana wa kwanza alituwekea yake," Ombui alimwambia, nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi la jiwe. "Akapata kazi Dubai. Ilipoharibika tukabaki kuitazama kama televisheni ya jirani. Na wewe, omoiseke, ukiolewa Mombasa nitampigia nani?"

"Siolewi Mombasa, Tata," alisema, akimwita baba kwa Kigusii.

"Wote husema hivyo. Niletee kitu ambacho fundi yeyote anaweza kukiweka na kukirekebisha."

Kitu cha namna hiyo kipo. Mfumo wa Linux, unaoendesha seva nyingi, hutolewa na jumuiya mbalimbali za watu waliotawanyika duniani. Kila jumuiya hukusanya maelfu ya programu, huzikagua na kuzifunga kama vifurushi vinavyopatana. Programu ikishaingia humo, fundi yeyote huiweka kwa amri ya mstari mmoja, na marekebisho humfikia bila kumtafuta aliyeiandika. Ghala haikuwemo. Nyanchera akaamua kuifungasha mwenyewe, na jina lake liandikwe kuwa mtunzaji wa kifurushi hicho.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Kifurushi lazima kijue faili zipi ziende wapi, seva iwashwe vipi, na iendeshwe kwa akaunti gani. Hilo la mwisho ndilo zito. Programu ya seva haiendeshwi kwa akaunti ya msimamizi, kwa sababu mwizi akiivunja ataipata nyumba nzima. Hufunguliwa akaunti yake ya mfumo, isiyo ya mtu yeyote na isiyo na nywila, inayomiliki faili zake tu. Kifurushi cha Nyanchera kilifungua akaunti hiyo wakati wa kuwekwa, na kuifuta kilipotolewa. Alilelewa katika nyumba ambamo mgeni hufagia alipolala kabla ya kuaga. Akaunti iliyobaki nyuma aliiona kama uchafu.

Mkaguzi wa jumuiya, Mreno ambaye hajawahi kuonana naye, alikipitia kifurushi, akarudisha maswali, akajibiwa, na mwishowe akakikubali. Kingeingia katika toleo jipya la mfumo, ambalo mlango wake ungefungwa Jumamosi. Ombui alikwishawaambia wanunuzi waitarajie.

Ijumaa mchana Dancun alihitaji kompyuta ya majaribio dukani, ambayo Nyanchera alikuwa ameijaribia Ghala kwa picha za Tabaka. Akaitoa Ghala, akaacha picha zilipo, akaweka programu ya barua pepe ya mteja. Nyanchera alipokuja kuzitazama picha za Tabaka, alikuta zina mmiliki mpya.

"Dancun, kwa nini hizi sanamu ni za barua pepe yako?"

Dancun aliinama kwenye skrini, akacheka, akamwita msichana kwa Kijaluo. "Nyako, leo nimekuwa mchonga mawe! Niuzie kiboko mmoja."

Nyanchera hakucheka. Kompyuta haiandiki jina la mmiliki kwenye faili. Huandika nambari ya akaunti. Kifurushi chake kilipoifuta akaunti ya Ghala, nambari ilibaki wazi. Programu ya barua ilipofungua akaunti yake, ilipewa nambari hiyo hiyo, na picha zote zikawa mali yake. Kwenye seva ya watu, mgeni angeweza kuzisoma, kuzibadilisha au kuzifuta.

"Nimempa mwingine mwezi wa Makori," alisema.

Mkaguzi hakuwa ameliona kosa hilo. Nyanchera alimwandikia mistari michache: kifurushi kina kasoro, kisipokelewe.

"Mtu amekupigia mhuri unamrudishia karatasi?" Dancun alishika kichwa. "Rekebisha leo usiku. Kesho ujaribu, utume."

"Kesho ni Sabato."

"Ng'ombe ametumbukia shimoni, Nyanchera. Hata Yesu aliruhusu atolewe."

"Huyu nimemtumbukiza mwenyewe, na bado anakula majani. Atangoja."

Jua lilipozama alikuwa kwao Kebirigo, simu imezimwa. Mlango wa toleo ukafungwa Ghala ikiwa nje.

Jumapili aliandika upya sehemu ya kutoa kifurushi. Sasa akaunti haifutwi. Inabaki imefungwa, haiwezi kutumika kuingilia, na nambari yake haipewi mwingine. Kisha akaenda Tabaka kumwambia Ombui.

"Kwa hiyo haikuingia."

"Niliizuia mimi, Tata." Akamweleza, akitumia mwezi wa Makori.

Ombui aliendelea kulisugua bakuli lake kwa msasa. "Na ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi."

"Nitawaambia wanunuzi wangoje," alisema Ombui. Hakuonekana kufurahi.

Waliingoja Ghala hadi toleo lililofuata. Siku lilipotoka, Nyanchera alifika Tabaka na hakugusa kibodi. Ombui aliandika amri ya kuiweka mwenyewe, kwa kidole kimoja, huku wanawake wa kusugua wakiacha mabeseni yao ya maji na kusimama mlangoni. Ghala ikajiweka, picha za sanamu zikaingizwa, na maelezo ya kifurushi yakatokea. Ombui akasoma kwa sauti: "Mtunzaji, Sheila Nyanchera. Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mtu wa Japani akiiweka anaona hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ombui akainua mkono. "Ngojeni. Sasa nionyeshe namna ya kuitoa."

Nyanchera akamtajia amri, Ombui akaitoa. Akaweka programu ya barua, ile ile ya Dancun, kisha akamtaka Nyanchera amwonyeshe picha ni za nani. Programu ya barua ilipewa nambari nyingine. Picha zote, pamoja na za viboko wa Makori, zilikuwa bado za Ghala.

"Buya mono," Ombui alisema, yaani safi kabisa. Akairudisha Ghala kwa kidole kile kile, akaegemea kiti. "Sasa unaweza kuolewa Mombasa."