Krismasi Zilizokuwa Zamu ya Baba

Tarehe ishirini na nne Desemba, mwaka juzi, kabla ya adhuhuri, baba yangu alifariki nyumbani kwetu, stesheni tatu kutoka Tabora. Mimi nilikuwa Ibra, Omani, nikimlisha uji bibi ninayemtunza. Likizo iliyoanza mwezi ule ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeitoa mwenyewe, nikampa mtu mwingine.

Nasema hili mapema ili isidhaniwe kwamba nilizuiwa.

Baba alifanya kazi reli mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia. Stesheni yetu ilikuwa ndogo, lakini ndipo treni zilipopishana: moja ikiingia njia ya pembeni na kusimama, nyingine ikapita. Wafanyakazi walikuwa watatu, na Mwislamu alikuwa baba peke yake. Basi Krismasi zote zikawa zamu yake ili wenzake waende kanisani, na Idi zote wakamshikia wao. Hakuna mkubwa aliyepanga hivyo. Walielewana tu.

Kwetu Krismasi ilianza siku moja kabla, kuku walipoanza kuletwa wamefungwa miguu. Wake wa wenzake waliwaleta kwa baba awachinje, ili kesho yake sahani ikija nyumbani kwetu na sisi tuweze kula. Kila mwaka alilalamika kwamba kisu hakina makali, na kila mwaka hakikunolewa. Asubuhi ya sikukuu alikata tawi la mkrismasi lenye maua mekundu, akampa dereva wa treni iliyotoka Dar es Salaam, naye akalifunga mbele ya injini. Treni hiyo ilikuwa imeongezewa mabehewa na bado watu walikaa juu ya magunia yao. Walinunua asali na karanga kupitia madirishani, wakiuliza imebaki saa ngapi kufika kwao. Ilipoondoka, dereva alipiga honi ndefu. Baba alibaki amesimama na bendera yake ya kijani mpaka behewa la mwisho lilipopotea. Nadhani alikuwa na furaha. Hakuwa mtu wa kusema.

Ibra hakuna treni. Bibi ninayemtunza alizaliwa Unguja, na siku za mwanzo nilipomsimulia habari za reli yetu alinicheka.

"Msijifakharishe," aliniambia. "Unguja kulikuwa na treni ikenda Bububu. Bibi yangu akiipanda."

Nikamuuliza sasa iko wapi.

"Imekwenda walikokwenda wenyewe," akasema, akafumbua mdomo nimtie kijiko kingine.

Wafanyakazi nyumbani humo tuko wawili. Mwenzangu ni Mkristo wa Dodoma. Yeye anapika na kufua. Hatuwezi kuondoka pamoja, kwa sababu bibi hainuki kitandani bila watu wawili. Mmoja wetu akiwa likizo, binti yake bibi ndiye anayeshika upande wa pili. Mwaka juzi likizo yangu iliangukia Desemba, ya mwenzangu iliangukia Machi iliyofuata, mwezi wa Idi. Yeye hakuomba kitu. Nilimkuta siku moja anapiga pasi, anamwambia mwanawe kwenye simu kwamba Krismasi hii tena hatakuja, na anaongea kwa sauti ya kuchangamka ambayo haikuwa yake. Jioni nikamwambia tubadilishane. Ilikuwa rahisi sana kusema. Nilikulia katika nyumba ambayo jambo hilo lilikuwa la kawaida kama chumvi.

Nikampigia baba kumwambia kwamba nitakuja Idi. Nilitaka anisifu, sifichi. Alikohoa kwanza, akakohoa kwa muda, kisha akasema:

"Umefanya vyema, mama. Njia ni moja. Mmoja asubiri, mwenzake apite."

Nilimsikia anavyokohoa. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshapata nilichokipigia simu.

Mwenzangu aliondoka katikati ya Desemba. Alipopanda ile treni mpya ya umeme ya kwenda Dodoma alinitumia video: kichwa cha treni kinaingia stesheni, viti vya kitambaa, watu wamekaa kila mmoja na namba yake, mhudumu amevaa kofia nyekundu ya Krismasi. Niliituma kwa kaka yangu amwonyeshe baba. Kaka aliniambia baadaye kwamba baba aliitazama mara mbili, akauliza tawi linafungwa wapi kwenye kichwa laini namna ile. Hilo ndilo neno lake la mwisho ninalolijua.

Siku ya tarehe ishirini na nne kaka alipiga simu nikiwa na bakuli mkononi. Alisema wanazika baada ya alasiri. Bibi alielewa kabla sijamweleza. Alinishika mkono, akaanza kusoma Yasini kwa moyo, akisahau mahali na kurudi nyuma. Binti yake alinijia na habari za tiketi, kwamba nikitaka naweza kuondoka kesho. Nikakataa. Nilisema maziko yatakuwa yamepita. Ni kweli, lakini matanga ningeyawahi. Niliogopa kwamba nikiondoka, mwenzangu ataitwa arudi, na niliogopa zaidi kufika nyumbani na kuulizwa nilikuwa wapi.

Kesho yake, Krismasi, mwenzangu alipiga. Nyuma yake palikuwa na watoto wengi na redio. Alinishukuru, akauliza mzee hajambo.

Nikasema, "Hajambo. Anakusalimu."

Alirudi mwishoni mwa Februari. Alifungua begi, akanipa kanga, kisha akatoa kofia nyeupe ya viua aliyomnunulia baba, niipeleke Idi. Hapo nikamwambia. Alikaa juu ya begi lake lililokuwa bado wazi.

"Mbona hukuniambia, dada? Ningerudi."

"Ndiyo maana sikukwambia," nikasema. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimemdanganya mara moja na sikutaka kurudia, nikaongeza: "Na nilikuwa nimekukasirikia. Mpaka leo bado kidogo."

Aliikunja ile kofia, akaiweka juu ya kanga.

Idi nilikwenda. Kofia nilimpa kaka, nayo inambana. Stesheni yetu imefungwa madirisha kwa mbao. Treni ya zamani bado inapita siku chache za wiki, lakini haisimami. Mkrismasi upo. Kaburi nililiona.

Mwaka jana Desemba sote wawili tulikuwa Ibra, na mwenzangu hakutaja sikukuu hata mara moja. Tarehe ishirini na nne alitoka sokoni na kuku hai, amefungwa miguu. Akasimama naye mlango wa jikoni.

"Nataka kesho ule na mimi," akasema. "Mchinje wewe."

Nilimwambia sijawahi. Kwetu wanawake hawachinji, wanamngoja mwanamume. Nilitaka amngoje mtoto wa kiume wa bibi, anayekuja kutoka Nizwa siku za Ijumaa. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, anatusikia.

"Mwanamke akichinja ni halali," akasema. "Piga bismillahi tu. Baba'ko hakukufundisha?"

Hakunifundisha, lakini nilikuwa nimemtazama. Nilikwenda uani, nikamwelekeza kuku kibla. Mwenzangu alishika miguu na mabawa. Kisu hakikuwa na makali, ikanibidi nirudie mkono, nikamwomba Mungu anisamehe kwa hilo. Damu ilipokwisha kutoka, mwenzangu alimchukua kuku akaenda kumnyonyoa.

Nikanawa mikono. Uji wa bibi ulikuwa umepoa, nikaupasha moto.