Picha ya Dada Yangu kwenye Ukurasa wa Msanii

Dada yangu mdogo alikuwa fundi wa nguo kwenye duka letu pale Emali, na alimwamini msanii mmoja wa Nairobi kuliko alivyomwamini pasta wetu. Wakati wa maandamano ya kuwapinga wanasiasa, msanii huyo alitokea laivu kila asubuhi, bendera begani, akituambia vijana tufunge barabara. Yeye mwenyewe sikumwona barabarani hata mara moja. Nyuma yake kulikuwa na pazia jeupe na ua kwenye chungu.

"Kaa dukani kama unaogopa," dada aliniambia, akafunika cherehani na kuondoka.

Polisi walirusha vitoa machozi pale njia panda ya Loitokitok. Kopo moja likampata usoni. Nilimkuta amelala kando ya lori, jicho la kulia limepasuka, watu wamemzunguka wakipiga picha badala ya kumbeba. Kabla daktari hajamwona, uso wake ulikuwa tayari kwenye ukurasa wa msanii. "Shujaa wetu," aliandika. Hakuuliza anaitwa nani.

Jicho halikupona. Kutunga uzi kwenye sindano kukawa kazi ya kumliza. Tulimwandikia msanii aiondoe picha ile, maana mama alikuwa akitumiwa picha hiyo hadi kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa. Hakujibu. Nilipoandika chini ya picha yenyewe, mbele ya watu, akanifungia ukurasa wake.

Miezi ikapita. Msanii akaiweka bendera kando, akaanza kupanda jukwaani na wanasiasa wale wale aliotuambia tuwakatae. Ndivyo alivyofika Emali, kuimba kwenye mkutano wao. Dada akataka kumwona. Tulisukumana na watu hadi kwenye gari lake.

"Ni mimi yule wa picha," dada akamwambia. "Naomba uitoe."

Alitabasamu, akamshika bega, akainua simu na kujipiga picha naye. "Nakupenda sana, shabiki wangu! Hayo mengine ongea na meneja." Kioo cha gari kikapanda.

Dada hakulia. Aliniuliza tu, kwenye picha hiyo mpya ameonekana upande gani wa uso. Nikamwambia sikuona, ingawa niliona vizuri.

Nyumbani mama alikuwa akichambua ndengu. "Amesema nini?"

Dada akaketi kando yake, akavuta ungo.

"Kulikuwa na watu wengi, mama."