Mbao Mbili za Tangi la Samaki

Usinicheke. Mimi si mtu wa kuogopa mashetani. Nimekulia Singida, Mtwara nimeletwa na kazi ya bandarini, na haya niliyaona mchana kweupe, sijalewa wala sijasinzia. Ukitaka amini, hutaki acha.

Binti yangu Neema, miaka sita wakati huo, alitaka samaki wa kufuga. Nikasema tangi nitaunda mwenyewe: kioo mbele, kwingine mbao, silikoni kwenye viungo. Kitako na mgongo nilivipata kwenye paleti kuukuu. Nikakosa mbao nzuri za ubavuni.

Wiki ileile jirani yetu Salumu akafiwa na baba yake, mkulima wa korosho kijijini, mzee ambaye sikuwahi kumwona. Akaletwa kuzikwa mtaani kwetu Likombe, na huku msiba ni wa wote. Mimi nikapewa kazi ya kupeleka makaburini mbao za kiunza, zile za kumfunika maiti kabla ya udongo kumwagwa. Zilikuwa kumi, za mkongo, zimepigwa randa safi. Nikajisemea: hivi mkongo wote huu ukaliwe na mchwa? Nane zinatosha! Mbili nikaziacha nyumbani.

"Ndizo hizi tu?" Salumu aliniuliza makaburini.

"Ndizo hizo."

Pengo wakaliziba kwa makuti. Niliona, nikaendelea kushika koleo. Nikufiche ili iweje?

Tangi lilitoka zuri, halivuji hata tone. Perege wanne wakaogelea, Neema akapiga makofi. Lakini siku ya pili akaanza kukohoa, na dawa haikusaidia kitu.

Ijumaa, wanaume wa mtaa wakiwa msikitini na mke wangu kazini, nikasikia hodi. Kabla sijajibu, mzee mmoja alikwishaingia sebuleni, kajifunga shuka nyeupe, ndevu zimejaa udongo.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Wewe umewahi kuona mzee asiyeitikia shikamoo? Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaanza kupima ubao kwa shibiri, polepole, hadi tano.

"Hizi zangu," akasema.

Kisha akamwinamia Neema aliyelala mkekani, akampima kutoka utosini hadi kisiginoni.

"Tano. Zinamtosha huyu."

Nikamrukia. Kufumba na kufumbua, hayupo. Neema alikuwa wa baridi, anahema kwa shida.

"Baba," akaninong'oneza, "udongo unaniingia puani."

Haki ya Mungu, nilikimbia pekupeku hadi msikitini, mtoto begani. Watu walikuwa wanatoka. Nikamwambia Salumu kila kitu mbele ya watu wote. Akanikaba shati.

"Jirani, umemlaza baba yangu na tundu juu yake? Baba yangu mimi!"

Mwalimu wa msikiti akamshika mkono. "Ugomvi baadaye. Mtoto kwanza. Kazilete hizo mbao."

Nililivunja tangi kwa nyundo, maji yakajaa sebule nzima, perege wakawa wanarukaruka sakafuni. Kule makaburini tukakuta udongo umetitia upande wa kifuani. Wakafukua hapo kwa mikono, wakaziingiza mbao zikiwa bado zinachuruzika maji, wakafukia, wakasoma dua. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mwanangu nikilia bila aibu. Walipomaliza, Neema akakohoa, akanitemea donge la udongo mwekundu kifuani. Halafu akaomba uji.

Salumu alinisamehe, ila kwenye misiba hanipi tena kazi ya kubeba kitu. Neema yuko darasa la tatu, mzima, mtundu kweli. Lakini analala kwa ubavu wa kulia tu, uso kaskazini, kama wanavyolazwa marehemu wa jirani zetu. Sisi ni Wakristo, nani kamfundisha? Tumegeuza kitanda mara tatu. Anageuka mwenyewe akiwa usingizini.

Basi ukiziona mbao za kaburini ukadhani zimezidi, ziache hapohapo. Mimi nilijifanya najua hesabu yake, na sasa kila nikiamka nasimama mlangoni kwa mwanangu nasikiliza kama bado anahema.