Friji Yenye Joto

Tulipoachana, mke wangu alichukua mtoto na mimi nikabaki na nyoka. Watu wakisikia hivyo hudhani natania. Sitanii. Binti yetu alikuwa na miaka tisa, na nyoka alikuwa wake: chatu jike wa aina ile ndogo ya Afrika Magharibi, ambaye hafiki hata urefu wa mtu, na akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Tulimnunua kwenye maonyesho ya wanyama hapa Arlington, siku ya joto kali ambayo mimi nilikuwa nimeingia kufuata kiyoyozi tu. Binti alimbeba kwa viganja viwili akanitazama.

"She's African, Dad," akasema. "Like you."

Nimeishi Texas miaka mingi na nimetukanwa kwa lugha kadhaa, lakini hilo lilinimaliza. Nikalipa.

Mama yake alipopata kazi Houston, alisema wazi kwamba nyoka hatakanyaga nyumba yake. Nilitaka kumwambia nyoka hakanyagi, lakini siku hizo hatukuwa tena watu wa kuchekeshana. Wakaondoka na gari la mizigo asubuhi moja, na mimi nikarudi ndani kubadilisha maji ya kunywa ya chatu.

Wanaotaka kuanza kufuga chatu nawaambia jambo moja mapema: chatu hakujui. Anajua joto la mkono wako, basi. Unampa panya mmoja kila baada ya wiki moja au mbili, unamsafishia sanduku, unahakikisha upande mmoja una joto na mwingine umepoa, na yeye hakudai chochote wala hakushukuru. Mimi ni muuguzi. Nashinda saa kumi na mbili nikiulizwa, nikiitwa, nikilaumiwa. Mwanzoni nilipenda kurudi kwa kiumbe asiye na neno. Baada ya mwaka mmoja nilijikuta nimesimama mbele ya sanduku na sare za kazi, nikimsimulia habari za mgonjwa wa chumba cha saba, naye amelala.

Wakenya wenzangu hawakujua. Ushirika wetu wa maombi huenda nyumba kwa nyumba, na kwa kanisa letu nyoka ni nyoka, hata awe na ukubwa wa mkanda. Zamu yangu ilipofika nilisema nyumba yangu ina kunguni. Nilijiona mjanja. Zamu yangu haikurudi tena, na hata chai ya kupita tu hakuna aliyekuja kunywa. Mtu mwenye nyoka labda angeombewa. Mwenye kunguni hukwepwa.

Binti alikuwa akija kila wikendi ya pili. Mimi na mama yake tulikutana katikati ya njia, kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu ya kwenda Houston, begi likahama gari moja hadi jingine. Alipofika kwangu alikimbilia chumbani kwake, kwa chatu, kabla hata ya kuvua viatu. Kisha akatimiza miaka kumi na tatu. Ikaja voliboli, yakaja mazoezi ya kwaya, zikaja siku za kuzaliwa za marafiki wasioisha kuzaliwa. Wikendi ya pili ikawa mara moja kwa mwezi, halafu ikawa, tutaona. Mimi ndiye nikawa naenda Houston kumtazama akicheza, nikinunua soda na kukaa na wazazi wengine waliojuana.

Ndipo nikapata wazo la kuzalisha. Zamani alikuwa ameniuliza kama chatu wake atapata watoto, nikamwambia aache mambo hayo. Sasa nilimtafutia dume. Nilimpata kwa mzee mmoja wa pembeni mwa Houston, anayefuga kwenye gereji yake, masanduku yamepangwa ukutani kama droo za kabati. Alinifundisha bila haraka: jike awe ameshiba vizuri, dume aingizwe miezi ya baridi, akae siku mbili tatu, atolewe, arudishwe, na mwenye nyumba asichungulie ovyo. Nilichungulia ovyo. Majira ya kuchipua jike alijaa, akajivua ngozi, akakataa kula, na asubuhi moja nikamkuta amejizungusha juu ya mayai sita meupe, laini kama ngozi ya glavu, yameshikana.

Kwa ajili ya mayai nilikuwa nimetengeneza mashine ya kuangulia. Nilichukua friji ndogo kuukuu isiyogandisha tena, nikatandaza ndani waya wa joto, nikaweka kifaa cha kushikilia joto la nyuzi thelathini na moja na nusu, nikaiweka chumbani kwa binti. Nikampiga picha jike, nikaipiga picha friji yenye mayai, nikamtumia binti.

Alinipigia. Yeye mwenyewe, kwa hiari yake, akipiga kelele. Aliuliza ni lini. Nikamwambia siku sitini hivi, shule zitakuwa zimefungwa.

"Don't let them hatch without me," akasema. "I'll come the whole week. I promise."

Niliandika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya jikoni, nikanunua shuka mpya za kitanda chake.

Katikati ya siku hizo sitini ndipo mama yangu alipofika kutoka kwetu Wundanyi, Kenya, kwa visa ya matembezi. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na moja. Alikuwa amepungua, na mikono yake ilikuwa na harufu ile ile ya sabuni ya mche. Nilimpa chumba changu, mimi nikalala kwenye kochi, masanduku ya nyoka nikayafungia kabatini chumbani kwa binti, na chumba hicho nikamwambia kina vitu vya mtoto, asijisumbue nacho. Mama hawezi kumtazama nyoka hata kwenye televisheni. Niliogopa akijua atataka kurudi kwao wiki hiyo hiyo, na nilikuwa nimeanza kuzoea kukuta taa ya jikoni inawaka.

Kwetu, mtu halali wala hatoki nyumbani bila kuzima kila swichi ya ukutani. Baba alikuwa akizunguka nyumba na kuzitaja kwa sauti. Mama alipogundua kwamba soketi za hapa hazina swichi alishangaa sana.

"Kwa hiyo stima inakaa wazi hivi hivi, kama mbwa asiyefungwa?"

Akaanza kuchomoa. Alichomoa televisheni, jagi la maji moto, taa ya mezani, chaja ikiwa na simu yangu. Kila jioni nilichomeka, kila asubuhi nikakuta nyaya zimezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Nilicheka. Nilimwambia binti kwa simu, naye akacheka.

Siku ya arobaini na moja ilikuwa Jumamosi. Nilienda Houston kwenye mechi ya binti, na kwa kuwa miguu ya mama ilikuwa imevimba, yeye alibaki. Nililala huko, nikarudi Jumapili alasiri. Nyumba ilinukia dawa ya kusafishia sakafu.

"Nimemsafishia mjukuu wangu chumba," mama akasema. "Na umshukuru Mungu, baba. Ile friji yake imeharibika. Nimeigusa, ina joto! Friji gani ina joto? Ingekuchomea nyumba na wewe haupo. Nimeing'oa jana asubuhi."

Nilienda nikafungua mlango wa friji na kutia mkono. Kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, ile ile ya nyumba nzima. Niligusa mayai moja moja, halafu nikaketi kwenye zulia na nikafoka. Nilimwambia mama mambo ambayo sikuwahi kumwambia hata nilipokuwa kijana. Kwamba hapa si Wundanyi. Kwamba hajui chochote, anagusa kila kitu. Nilimwambia ni mayai ya nyoka ambayo binti aliahidi kuja kuyaona yakianguliwa, na nyoka wenyewe wawili wako kabatini, nyuma yake. Nilisema kwa kukusudia kumtisha, na sijisamehe kwa hilo.

Alisogea hadi mlangoni na kushika leso yake kwa mikono miwili. Nilingoja aombe kupelekwa uwanja wa ndege.

"Mangapi?" akauliza.

"Sita."

"Na mtoto aliahidi kuja kuyaona?"

"Ndiyo."

Mama amefuga kuku maisha yake yote. Akasema kuku akiachia mayai siku nzima, mengine hufa na mengine hukataa kufa, na mtu hajui mpaka amulike. Akaniambia nizime taa ya chumba na niwashe tochi ya simu. Kisha akavuta pumzi, akaingia chumba chenye nyoka wawili, akapiga magoti kwa ile miguu yake iliyovimba. Nilishika tochi chini ya kila yai, yeye akatazama. Kwenye yai la mwisho, ukutani mwake, kulikuwa na mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi za kushonea.

"Hili," akasema. "Chomeka friji."

Mengine matano yaligeuka manjano yakaanza kubonyea. Nilimweleza binti ukweli. Akasema, "It's okay, Dad," kwa sauti ninayoitumia mimi kazini na jamaa za wagonjwa.

Wiki mbili na nusu baadaye, mama ndiye aliyeniita. Yai lilikuwa limechanika, na kwenye mwanya ule kulikuwa na kichwa kidogo kinachotazama. Chatu mchanga hukaa hivyo siku nzima, mwili ndani, kichwa nje. Mama aliweka kiti chake mlangoni, si ndani wala si nje, akawa anauliza kila baada ya muda: "Bado? Mvivu huyo." Mimi nilimpigia binti. Nyuma yake kulikuwa na vicheko vya wasichana. Alikuwa kambi ya voliboli, alisahau kuniambia, wiki mbili nzima. Alifurahi, kweli alifurahi.

"Send me a video, okay? Love you."

Nilimtumia. Akajibu kwa moyo mwekundu. Niliketi jikoni nikiutazama ule moyo, na mama alikuwa mbele yangu akichagua mchele kwenye sinia.

"Mbuzi wako alipozaa mapacha nilikupigia," akasema, bila kuinua macho. "Uliniambia nini?"

Niliigeuza simu kifudifudi mezani.

"Na nilipomaliza chumba chako pale nyuma, kikapigwa plasta, nikakuambia njoo ukione. Uliniambia nini?"

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa kwenye maegesho ya kazini, nina haraka. "Nitumie picha, Mama."

"Nikakutumia. Nilikwenda kwa jirani mwenye simu nzuri. Kila mwaka nikakutumia." Akatoa jiwe kwenye mchele na kuliweka kando. "Miaka kumi na moja. Halafu nikaona nipande ndege mwenyewe."

Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ningepata pa kujitetea. Niliona aibu ambayo hata sasa ninapoandika inanipasha masikio.

Jumamosi iliyofuata haikuwa yangu, lakini tulikwenda huko kambini. Chatu mchanga alisafiri kwenye kisanduku juu ya kiti cha mbele, na mama akakaa nyuma kabisa upande wa pili, akisali kila gari lilipopiga breki. Tulingoja nje ya ukumbi wa mazoezi. Binti alitoka na ndala, nywele zimelowa jasho, akasimama.

"It's not even your weekend," akasema.

"Najua."

Aliingia garini, akamkumbatia nyanya yake kwanza, kisha akamchukua chatu akamzungusha vidoleni. Alikaa nasi dakika ishirini, halafu wakamwita. Alirudi mbio mara moja dirishani, nikadhani amesahau kitu. Alikuwa amerudi kumpungia mnyama. Na mimi nikajihesabu kwamba nimepungiwa.

Mama aliondoka siku ya Jumanne. Kwa siku mbili alikuwa amepika chapati arobaini, akazigawa kwenye mifuko na kuzigandisha, ili nisile mikate ya dukani. Nilipokuwa nateremsha masanduku yake ya safari kwenye gari, alibaki juu akisema anaaga nyumba. Uwanja wa ndege alinishika kidevu, akaniuliza, "Desemba?" Nikasema Desemba. Akapita mlango wa ukaguzi na leso yake mkononi, mlinzi akamwambia aiweke kwenye trei.

Sikutaka kurudi. Nilizunguka hadi duka la vyakula vya Kiafrika mjini Carrollton nikanunua mihogo nisiyoihitaji, nikakaa garini. Nilifika nyumbani alasiri, na hakukuwa na sauti yoyote, hata ule mngurumo wa jikoni ambao huwa siusikii. Alikuwa amechomoa kila kitu. Televisheni, jagi, taa, nyaya zote zimefungwa kwa uzi. Alikuwa amechomoa hata friji kubwa, na chapati zake arobaini zilikuwa zimeanza kulainika.

Niliingia chumba cha binti. Friji ndogo haikuwa na yai hata moja. Mtoto nilikuwa nimemhamishia kwenye sanduku lake siku nyingi, na waya ule ungeweza kuzimwa. Plagi yake ilikuwa ukutani, imebandikwa plasta yangu ya hospitali kwa misalaba miwili, na juu ya plasta mama ameandika kwa kalamu: USIZIME. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuisoma. Nilifungua mlango nikatia mkono ndani, na kulikuwa na joto.

Nikaufunga, nikaiacha vile vile, nikaenda jikoni kuokoa chapati.